Mbuzi Chini ya Kidole

Kitu cha kwanza alichokiona Habsa kilikuwa kidole gumba cha Asho. Mwalimu Roda alikuwa amefungua kitabu cha picha kwenye ukurasa wa mbuzi watano, watoto wamekizunguka kwa magoti wakisukumana, na Asho, mtoto wa miaka sita mwenye pengo la meno mawili mbele, akanyoosha mkono polepole akauweka juu ya karatasi. Kidole gumba kikamkalia mbuzi wa pembeni, kama mtu anayefunika sufuria inzi asiingie.

"Mbuzi wangapi, Asho?" Mwalimu Roda aliuliza.

"Wanne."

"Toa kidole."

Asho akatoa kidole.

"Haya. Wangapi?"

"Wanne," Asho akasema, macho yake yakiwa kwenye paa.

Mwalimu Roda alifunga kitabu, akajifutia jasho nacho usoni, kisha akakumbuka kuwa ni mali ya serikali akakipangusa kwa leso.

Darasa lilikuwa banda la mabati ndani ya kijiji cha seng'enge, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Isiolo mjini. Wafugaji walikuwa wamekusanywa pale tangu mwaka uliopita ili mashifta, wale waasi wa msituni, wasipate kwao chakula wala maji. Lango lilifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwalimu Roda alikuwa Mmeru, amezoea shule za kwao juu mlimani ambako mtoto huja na sweta. Hapa aliingia kila asubuhi na karatasi yake ya ruhusa mkononi, vumbi limempanda mpaka magotini, na kabla hajasema neno alikaa kwanza juu ya debe na kuvua viatu.

Habsa aliishi humo ndani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka barabara ilipofungwa, na sasa kazi yake ilikuwa kukoroga maziwa ya unga, kupangusa makamasi, na kutafsiri pale Kiswahili kilipogoma. Alijua Kiborana cha kwao na Kisomali cha kuombea chumvi. Sauti ndiyo hakuwa nayo. Watoto walimwita Dada Nong'ona, naye hakuwakataza, maana kukataza nako kungetaka sauti.

"Habsa," Mwalimu Roda alisema siku ile watoto walipotoka, "mimi nimefundisha miaka kumi na moja. Nimefundisha watoto wenye njaa, nimefundisha watoto wenye upele. Lakini hawa sijui wana nini. Mtoto anakaa na mbuzi tangu kuzaliwa, halafu hajui mbuzi watano?"

Habsa alikuwa akiosha vikombe. Aliendelea kuosha.

"Na ule ukurasa wa kwanza je? Ng'ombe mmoja. Mmoja tu, mkubwa kama nyumba. Nauliza ng'ombe wangapi, wote wananiambia hakuna. Nikawauliza, na huyu mwenye pembe ni mjomba wenu?"

Habsa alicheka kidogo, mkono mdomoni. Watoto nao walikuwa wamecheka siku ile mpaka mmoja akamwaga maziwa, lakini jibu halikubadilika.

Barua ilikuja Jumatatu, ikaletwa na lori la unga. Mkaguzi, Bwana Kiugu, angefika Alhamisi. Kila mtoto alitakiwa kuhesabu mpaka kumi kwa kitabu kilichotolewa. Kama hawawezi, darasa lingefungwa na maziwa yapelekwe penye faida.

Mwalimu Roda aliisoma mara mbili. "Penye faida," alisema, akaiweka chini ya debe alilokalia.

Maziwa yalikuwa ya darasa, hayakuwa ya kijiji. Mtoto aliyekuja kusoma alipata kikombe kimoja saa nne na kingine saa saba, na kwa wengi hicho ndicho kilikuwa chakula chenye uhakika. Mwezi wa kwanza wa darasa Asho aliletwa mgongoni mwa mama yake, miguu inaning'inia, hana nguvu hata ya kulia. Sasa alikuwa akikimbia na kuwatukana wavulana. Habsa alimfikiria Asho bila kikombe, kisha akajikataza kufikiri, kisha akafikiri tena.

Kwa sababu yeye alijua.

Mtu asiyejua kuhesabu hukosea ovyo, leo saba, kesho tatu. Watoto hawa walikosea kwa mmoja, na sikuzote upande wa chini. Watano wakawa wanne, tisa wakawa wanane, mmoja akawa hakuna. Mtu hawezi kupungukiwa na mmoja kila siku, ukurasa kwa ukurasa, bila kujua hesabu kamili. Asho alikuwa akihesabu vizuri kuliko mwalimu alivyodhani. Alikuwa akihesabu wote, kisha anamrudisha mmoja nyuma.

Ndivyo walivyolelewa wote. Mifugo haihesabiwi kwa sauti, wala watoto. Jioni mwenye boma husimama mlangoni na kutazama: yule mwekundu wa sikio lililokatwa ameingia, mwanawe ameingia, yule wa doa ameingia. Akikosekana mmoja anamjua kwa rangi na kwa sauti. Mgeni akiuliza wangapi, anatajiwa pungufu, mmoja anabaki amefichwa, ili macho ya watu na mabaya yanayotembea yasiwapate wote. Tena mwaka uliopita askari walikuwa wamehesabu mifugo ya kijiji kizima pale langoni, mmoja mmoja, kwa sauti, karani anaandika. Baada ya wiki tatu mifugo yenyewe haikuwepo. Baada ya hapo ni mtoto gani angemhesabia mtu wa daftari mbuzi, hata wa karatasi?

Habsa angeweza kumwambia Mwalimu Roda haya yote kwa dakika mbili. Alifungua mdomo siku ile ya Jumatatu, akaufunga. Nyuma ya habari hii kulikuwa na nyingine, na aliogopa kuwa akivuta moja, ya pili ingefuata.

Badala yake alitengeneza kitabu.

Alichukua mifuko ya karatasi ya unga, akaikata kwa kisu, akaishona kwa kamba ya katani. Akachora kwa mkaa wa jikoni. Ukurasa wa kwanza, birika. Wa pili, viatu vya Mwalimu Roda, vile vilivyopasuka ubavuni. Wa tatu, mafiga. Wa nne, nguzo za banda. Wa tano, vikombe vya bati, na kimoja alikipa ubonye ubavuni, kama kilichogongwa, kwa sababu watoto waligombania kile chenye ubonye. Aliendelea mpaka kumi, na katika kumi zote hakukuwa na chenye pumzi.

Mwishoni aliongeza kurasa mbili za mbuzi. Upande wa kushoto alichora mama, upande wa kulia wana, rangi kwa rangi: mwenye doa, mwenye mstari, mweusi mtupu. Hakuandika namba yoyote.

Jumatano asubuhi alikiweka mbele ya Mwalimu Roda akarudi kwenye sufuria yake. Mwalimu alikitazama, akakigeuza, akakinusa. Kisha akawaita watoto.

"Hivi ni nini?"

"Viatu vyako, Mwalimu," walisema, wakicheka. "Vimekufa."

"Vimekufa vingapi?"

"Viwili."

Mwalimu Roda akakisogeza karibu. Akageuza. Mafiga, matatu. Nguzo, nne. Vikombe, vitano, na ugomvi kidogo juu ya kile chenye ubonye. Akafika kumi, vijiti vya kuni, na Asho akapiga kumi hiyo kwa sauti iliyowafanya kuku wa jirani waruke. Kwenye kurasa za mbuzi watoto hawakungoja swali. Vidole vilimpeleka kila mwana kwa mama yake, na mmoja akabaki peke yake. Mtoto mmoja akasema huyu mama yake amekufa. Mwingine akasema hapana, yuko malishoni, ngoja.

"Wana ni wengi kuliko mama?" Mwalimu Roda aliuliza taratibu.

"Wamezidi."

"Wamezidi wangapi?"

Asho akaweka kidole gumba juu ya yule aliyebaki.

Watoto walipotoka kunywa maziwa, Mwalimu Roda alikaa juu ya debe muda mrefu. "Vikombe wanajua, viatu wanajua," alisema. "Zaidi na pungufu wanajua. Na wewe umekaa na haya kichwani tangu lini?"

Habsa alitazama vidole vyake vyeusi vya mkaa.

"Basi mbuzi wana nini?"

"Sijui, Mwalimu," Habsa alisema.

Jioni alimkuta mama yake, Halimo, pale anapokaa kila jioni, karibu na seng'enge upande wa barabara. Alikuwa akipepeta unga kutoa wadudu, lakini macho yake yalikuwa barabarani. Kila lori lililosimama langoni, liwe limetoka mjini au Merti, mama aliinuka na kumuuliza dereva habari za mwanawe mkubwa, Isacko. Kijana mrefu, kovu kwenye kidevu. Madereva walikuwa wamemzoea. Walitikisa kichwa kabla hajafika.

Siku familia zilipoandikwa, Isacko alikuwa mbali na mbuzi, upande wa Kipsing. Jina lake halikuingia daftarini. Aliporudi siku ya nane, askari walifungua daftari wakaona Halimo ana watoto watatu na wote wamo ndani, basi huyu wa nne ametoka msituni kwa mashifta. Walimpandisha lori. Mwaka mmoja na miezi minne ilikuwa imepita bila habari.

"Yule karani," mama alisema, kama alivyosema jana na juzi. "Macho anayo, kalamu anayo, na kuandika watoto wanne kukamshinda. Mungu amkaushe mkono."

Mama hakujua Kiswahili. Siku ile ya kuandikwa, aliyesimama mbele ya meza na kujibu kwa niaba yake alikuwa Habsa.

"Lete ungo nikusaidie," Habsa alisema.

Bwana Kiugu alifika Alhamisi saa nne na nusu, na gari lake lilikuwa limechemka. Alikuwa mtu mnene, mchovu, mwenye tai. Aliomba maji akanywa vikombe vitatu, akawaambia watoto wakae, akatoa kalamu.

"Hiki ndicho kitabu?" alisema, akakifungua. "Haya, kijana. Ng'ombe wangapi?"

"Hakuna."

Bwana Kiugu aliinua macho akamtazama Mwalimu Roda. Mwalimu Roda akatazama mabati.

"Wewe msichana, wa pengo. Mbuzi wangapi?"

"Wanne," Asho akasema.

"Na hawa kondoo?"

"Sita." Walikuwa saba.

Aliandika. Kalamu ilikwaruza. Habsa, aliyekuwa amesimama na mwiko mlangoni, alihisi kila mkwaruzo mgongoni. Mwalimu Roda akaleta kile kitabu cha mifuko ya unga, akasema, "Bwana, tafadhali, na hiki." Bwana Kiugu alikishika kwa ncha za vidole kwa ajili ya mkaa, lakini akauliza. Viatu, viwili. Mafiga, matatu. Nguzo, nne, na mtoto mmoja akainuka akamwonyesha moja moja ili asiwe na shaka. Vijiti, kumi.

"Mwalimu, hii ni nini sasa?" Bwana Kiugu alisema. "Watoto wa wafugaji wanajua vikombe, mbuzi hawajui? Kwetu huko hata kasuku angeona aibu."

"Hata mbuzi wanawajua, bwana."

"Mbona hawasemi?"

Bwana Kiugu alifunika kalamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na vituo vinne vya kukagua na gari linalochemka. "Fomu yangu inauliza kitabu hiki, haiulizi cha mkaa," alisema. "Wameshindwa. Lakini naona kuna jambo. Nakwenda mbele, nitarudi hapa saa kumi. Niandikie sababu, Mwalimu. Sababu ambayo mtu aliye Nairobi na hajawahi kuona ngamia anaweza kuisoma akaelewa. Nikiikuta, naibandika kwenye fomu. Nisipoikuta, nafunga."

Saa nane, watoto walipokuwa wamelala kwenye mkeka, Mwalimu Roda alichukua karatasi na kuiweka juu ya goti. Alikuwa amevua viatu. "Habsa, mdogo wangu," alisema. "Nimechoka kukisia. Wewe umechora kitabu kizima kisicho na mnyama hata mmoja wa kuhesabiwa. Mtu hachori hivyo kwa bahati. Niambie, au tuwaamshe hawa tuwaambie waage maziwa."

Habsa alimtazama Asho aliyelala mdomo wazi, kikombe cha ubonye tumboni. Akaanza. Alinong'ona mambo ya boma na jioni, ya mgeni anayetajiwa pungufu, ya yule mmoja anayeachwa nyuma. Mwalimu Roda aliandika mistari mitatu akasimama.

"Ofisini watasema ushirikina. Wataandika wazazi hawataki elimu, na watafunga hata haraka zaidi." Alijikuna mguu kwa kalamu. "Nawajua. Mila wanairuka. Nipe mtu, Habsa. Mtu mzima, aliyesoma, aliyefanya hivi hivi mbele ya serikali, na si mjinga."

Upepo ulipita juu ya mabati. Mtoto mmoja alikohoa, akageuka.

"Yuko," Habsa alisema.

"Nani?"

"Alifika darasa la tano."

Kalamu ya Mwalimu Roda ilisimama.

"Karani aliuliza, watoto wa mama huyu wangapi," Habsa alisema, akiitazama sufuria. "Mimi nikasema watatu. Mdomo wangu umezoea. Tangu nizaliwe, mtu akiuliza mko wangapi, sisi ni watatu. Pale mbele ya meza tulikuwa watatu kweli, mimi na wadogo wawili, na karani akaona watatu, akaandika majina matatu. Hesabu ya shule nilikuwa nayo. Gawanya nilikuwa nayo, sehemu nilikuwa nayo. Nikasema watatu."

Mwalimu Roda alikuwa akimjua Isacko kwa jina, kama kila mtu kijijini alivyomjua. Hakumtaja. Akasema, "Nikiandika hii, itasomwa. Itapita pale langoni kabla ya kufika mjini, na karani ni yule yule. Hapa maneno hayalali. Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Naweza kuandika bila jina."

"Watasema umetunga. Andika jina."

Mwalimu Roda aliandika mpaka karatasi ikajaa, akageuza upande wa pili.

Bwana Kiugu alirudi saa kumi na robo, akasoma ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alisoma taratibu. Kisha akamtazama Habsa.

"Huyu ni wewe?"

"Ndiyo."

"Sikusikia."

"Ndiyo, bwana. Ni mimi."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya fomu. "Nyanya yangu alikuwa hivyo hivyo na vifaranga," alisema, akiangalia usukani. "Ukivihesabu anakuchapa." Akafunga mlango. "Endeleeni na vikombe na mafiga. Mpaka Desemba. Desemba nitataka mbuzi, Mwalimu, mtajua wenyewe kwa njia gani."

"Tutajua, bwana," Mwalimu Roda alisema, na gari lilipoondoka alikaa chini pale pale mchangani, na viatu vyake mkononi. "Desemba," alisema. "Haya. Kesho mapema, Habsa, kuna sufuria imeungua chini." Habsa alisema ndiyo. Alilitazama gari likisimama langoni, karani akiinama dirishani, karatasi zikipita kutoka mkono hadi mkono.

Alimkuta mama upande wa barabara. Jua lilikuwa limelegea, na foleni ya maji ilikuwa bado ndefu, madebe yamepangwa peke yake, wenyewe wamekaa kivulini. Wadogo zake walikuwa wakirushiana vijiwe. Mama alisogeza ungo ampishe mahali.

"Nimeona gari la mkubwa," alisema. "Wamefunga?"

"Hawajafunga."

"Alhamdulillahi. Asho atakunywa." Mama alipiga ungo kofi, wadudu wakaruka. "Dereva wa leo hata hakunisikiliza. Ningemjua yule karani anakolala, ningekwenda nikakaa mlangoni kwake mpaka aniambie kwa nini."

Habsa alikaa karibu, bega kwa bega, ili asilazimike kuuona uso wa mama. Alingoja mdomo wake ukatae, kama ulivyokataa mwaka mzima na zaidi, lakini leo ulikuwa umeshachoka hata kukataa.

"Mama," alisema, na sauti ikatoka kubwa, wadogo zake wakaacha vijiwe. "Karani hakukosea. Aliandika nilichosema. Niliwahesabu watatu, nikamwacha Isacko nyuma kama tunavyofanya. Halafu nikakumbuka pale pale, daftari likiwa bado wazi, yule mtu anatafuta kalamu iliyoanguka. Ningeweza kumwambia. Kulikuwa na watu wengi nyuma yetu, wote wananitazama, na mimi niliona haya."